Hesabu ya Matofali Manne

Kaka yangu ni mfyatua matofali, na kichwa chake kigumu kuliko anachouza. Binti yake wa kwanza alipogundulika ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaotafuna mifupa kwa maumivu, muuguzi aliwaeleza yeye na wifi taratibu. Kila mmoja wao ana jeni mbili za damu, moja nzima na moja mbovu. Mtoto huchukua moja kwa baba na moja kwa mama. Akiangukiwa na mbovu zote mbili, anaugua, na uwezekano huo ni mmoja kati ya minne.

Kaka alishika hiyo namba tu. Tanuri lake hupasua tofali moja katika kila manne, naye likishapasuka hilo moja, matatu yanayofuata huyapanga bila hata kuyagonga asikie kwa mlio kama ni mazima.

"Letu la kupasuka limeshatoka," alimwambia wifi. "Tuzae tu."

Wifi alikataa miaka saba. Mimi, shangazi mtu, ndiye niliyeenda kumbembeleza mpaka akalegea. Sijisamehe.

Leo asubuhi hospitalini tulipewa majibu ya damu ya mtoto wao wa pili. Ana miezi tisa, vidole vimemvimba.

"Dada, si ulisema mmoja kati ya wanne?" kaka alimuuliza muuguzi yule yule. "Wa kwanza si tulishampata?"

"Kila mimba inaanza upya, baba. Jeni hazijui nani alitangulia."

Kaka aliketi sakafuni, pale pale koridoni, watu wakimruka.

"Yule binti kila akilia usiku namwambia amewabebea wadogo zake ugonjwa huu," alisema. "Sasa nitaanzia wapi?"

Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia. Niliishia kumshika mkono anyanyuke.

Nyumbani tulimkuta binti kitandani, amejifunika mpaka kidevuni. Wifi alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, hataki kuingia.

"Mdogo wangu mzima, eti?" binti aliuliza.

Kaka akageukia ukuta. Ikabidi nijibu mimi.

"Hapana, mwanangu. Naye anao."

Nilimngoja alie, angalau nipate la kufanya. Alisogea pembeni, akaacha nafasi kitandani.

"Mlazeni huku," alisema. "Pale anapolala dirishani kuna baridi, na baridi ndiyo inaanzisha maumivu."