Ng'ombe Chini ya Kioo

Tangu utotoni nina kiherehere cha mikono. Nikiona kitu kimefungwa kwa skrubu, moyo hautulii mpaka nikifungue. Mama mkubwa, dada ya mama yangu, aliyenilea Katesh, alikuwa akisema mikono yangu hufika kabla ya akili. Kwa kawaida alisema hivyo akicheka. Mara moja hakucheka.

Alikuwa mkulima wa Tlawi aliyeshuka huku kwetu Hanang kuolewa. Mumewe alifariki mapema, naye akafungua chumba cha chai karibu na uwanja wa mnada wa ng'ombe. Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba, redio na kila kilichochokwa Ulaya vikaanza kupanda mpaka huku kwetu, mfanyabiashara mmoja alishindwa kuendelea na safari na mashine kubwa ya mchezo, akamwachia yeye. Lilikuwa sanduku refu lenye miguu minne, limefunikwa kioo. Unavuta kishikio, gololi ya chuma inaruka na kuzunguka ubaoni, nawe unabonyeza vitufe viwili ubavuni ili vikono vya ndani viirudishe juu isitumbukie shimoni. Ubao ule ulikuwa na taa ndogo ishirini, kila moja chini ya kidirisha cha plastiki. Gololi ikipita juu ya kidirisha, taa yake inawaka. Ukiziwasha zote, umeshinda.

Hakuna aliyemfundisha mama mkubwa kuitengeneza. Kitabu chake kilikuwa cha lugha ambayo hata mwalimu mkuu hakuitambua. Alikuwa anainua ubao, anatazama chini yake kwa muda mrefu kama mtu anayechambua mchele, kisha anagusa waya mmoja, na mashine inaamka. Nikajifunza ufundi umeme kwa sababu yake, ingawa sikuwahi kumwambia.

Niliporudi kutoka chuo cha ufundi, Manyara ilikuwa imeshakatwa kutoka Arusha na sisi tuna mkoa wetu, lakini balbu za mashine ile hazikupatikana mkoa wa zamani wala mpya. Kati ya ishirini, zilizokuwa hai zilikuwa kumi na moja. Umeme wenyewe ulikuwa dhaifu, na taa kadhaa zikiwaka pamoja, vile vikono vinalegea na gololi inapita kati yake bila wasiwasi.

"Iangalie," mama mkubwa aliniambia siku anaondoka kwenda Tlawi kuvuna maharage. "Iangalie tu."

Nikaiangalia kwa bisibisi. Wakati ule tochi za Kichina zilikuwa zimejaa kila duka, zile za taa za LED, vitaa vidogo vyeupe visivyopata moto na visivyokula umeme. Nilinunua tochi za kutosha nikazichinja. Kila kitaa nilikilehemu na rezista ili kisiungue na daiodi ili umeme upite upande mmoja tu, kwa maana kitaa cha namna hiyo kina mguu wa chanya na mguu wa hasi, na ukiigeuza hakiwaki. Kazi ilinichukua siku nne. Nilifika mpaka taa ya ishirini, ile ya pembeni juu, ambayo kikombe chake cha kushikia balbu kilikuwa kimeliwa na kutu na haikuwahi kuwaka tangu mashine ifike Katesh. Nikatengeneza kikombe kipya kwa bati la kopo. Balbu za zamani zilikuwa chafu, zimegandiwa na kitu cheusi, nyingine chekundu. Nikazikusanya zote, nzima na mbovu, nikazitupa chooni.

Mama mkubwa alirudi siku ya mnada na magunia yake, wateja wameshajaa. Kabla hajakaa vizuri nikamvuta, nikawasha. Mashine ile ikiwashwa, taa zote huwaka kidogo kabla ya kuzimika kusubiri mchezo. Zikawaka zote ishirini, nyeupe, kali, kama ukumbi wa harusi. Nikamtazama nikisubiri sifa.

Yeye alikuwa anatazama mlangoni. Mzee mmoja alikuwa amesimama pale, mrefu, lubega begani, fimbo mkononi. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa akiswaga ng'ombe wa watu kutoka Gehandu kuwaleta mnadani, na kila mnada akishamaliza alikuja kunywa chai na kucheza.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba." Akasogea, akainamia kioo. Nikaiwasha tena ili azione vizuri. Akazitazama mpaka zikazimika, akanyooka.

"Hawa ni wa nani?" akauliza.

Nilidhani sikumsikia vizuri. Hakuuliza mara ya pili. Alikwenda kukaa kwenye benchi la nje na kugeuzia mashine mgongo, na chai aliyopelekewa hakuigusa.

Mama mkubwa akanishika mkono mpaka jikoni. "Zile za zamani umeziweka wapi?"

"Nimezitupa."

"Wapi?"

"Chooni."

Akakaa juu ya gunia la maharage. Pale ndipo aliponieleza mambo ambayo nilipaswa kuyauliza kabla ya kushika bisibisi, maana kuuliza si ujinga, ila mimi nilitoka chuoni nikijiona sina la kuuliza. Mzee yule alikuwa na ng'ombe kumi na tisa. Ukame uliwamaliza wote msimu mmoja, na tangu hapo anachunga na kuswaga wa wenzake. Mara ya kwanza alipoiona mashine, aliielekezea fimbo taa moja na kusema ile nyekundu inafanana na ng'ombe wake jike aliyekufa wa mwisho. Vidirisha vya mashine vilikuwa vimepauka kwa jua, kwa hiyo mama mkubwa alichukua rangi ya kucha na kuipaka balbu yenyewe mpaka mzee akasema ndiyo, ni yeye. Mnada uliofuata wakapaka nyingine. Wakafika kumi na tisa. Tangu siku hiyo, mzee akicheza alikuwa hachezi kushinda, alikuwa anarudisha ng'ombe zizini mmoja mmoja. Lakini balbu zinachemka na rangi inaungua, kwa hiyo kila wiki mama mkubwa alikuwa anapaka upya. Na balbu zilipoanza kufa, mzee akija alikuwa anauliza, "Amelala yupi?" na mama mkubwa alikuwa anaona aibu kumjibu.

"Alikuwa amebakiwa na kumi na mmoja," akasema. "Sasa hana hata mmoja."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa na hasira pia, lazima niseme ukweli, hasira na yeye kwa kutoniambia, na hasira na mzee kwa kuniharibia siku yangu. Hasira ya pili ilinitoka nilipochungulia dirishani nikaona mgongo wake.

Mama mkubwa hakunigombeza zaidi. Alitoka na kwenda kuchuchumaa mbele ya benchi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mteja.

"Mzee, ingia ndani. Unitajie upya."

"Wote?"

"Wote kumi na tisa."

Akafikiri. "Wengine walishakufa mara mbili," akasema.

"Ndiyo maana nakuomba."

Alinituma sokoni nikanunue kila rangi ya kucha iliyokuwepo. Niliporudi, wateja walikuwa wameshaambiwa wajimiminie chai wenyewe. Tukainua ubao. Mimi nikawa nachomoa kitaa, mama mkubwa anachanganya rangi juu ya kifuniko cha kopo kwa njiti ya kiberiti, mzee anasema. Nimesoma na walimu wengi, lakini sijaona kumbukumbu kama ile. Kila mnyama alikuja na pembe zake, alama ya sikio lake, aliyemzaa, mtu aliyempa na kwa sababu gani. Mama mkubwa akipaka, mzee anakiinua kitaa kwenye mwanga wa dirisha. "Huyu amezidi weusi." Anafuta, anachanganya tena. "Huyu alikuwa rangi ya udongo wa Tumati, baada ya mvua." Mama mkubwa, mtu wa huko juu, aliijua rangi ile bila kuuliza, akaipata mara moja. Mchana wote hakuna aliyeinua sauti wala kuharakisha.

Jambo moja mzee aliligundua mwenyewe. Alikishika kitaa kinachowaka kati ya vidole, akakishika muda mrefu.

"Hakichomi," akasema.

"Hakichomi, mzee. Rangi haitaungua tena."

Akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Basi hawa watazeeka," akasema.

Akacheza jua likiwa bado juu. Vikono vilikuwa vimepata nguvu, gololi inapanda mpaka juu kabisa. Wakaja mmoja mmoja, wekundu, wa kijivu, wa manjano ya samli, naye akimpokea kila mmoja kwa sauti ya chini, kwa lugha yake. Wakatimia kumi na tisa. Gololi ikaruka tena, ikapita pembeni juu, na ile taa ya kikombe cha bati ikawaka. Ilikuwa nyeupe. Hatukuipaka, kwa sababu hakuna aliyeitaja.

"Huyu sina," mzee akasema.

"Nitaitoa," nikasema haraka.

"Mwache." Aliitazama mpaka mchezo ukaisha. "Ni mtamba. Umemleta wewe. Mimi nakupa, awe wako, akae na wangu."

Nikamtazama mama mkubwa. Alikuwa anafuta vidole vyake vyenye rangi kwa upindo wa kanga, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Shukuru," akaniambia.

Nikashukuru. Mzee akasogea kando, akanionyesha kishikio kwa fimbo. Nikavuta. Gololi ikapanda, ikaikosa taa yangu kwa upana wa kidole, ikashuka moja kwa moja shimoni.

"Bado hajakuzoea," mzee akasema, na kuichukua chai yake iliyopoa.