Mzamiaji wa Msasani

Asubuhi ile Mwanabaraka alikula mihogo, akalalamikia chumvi, akamfokea mumewe kwa kuvaa kanzu yenye doa. Mwinjuma akaenda kuibadilisha. Adhuhuri haikumkuta mkewe hai.

Siku ya tatu, kwenye hitma, nyumbani kwao Temeke, wakaja wataalamu wawili kwa gari kubwa, miwani ya jua utosini, kama vile macho yao yako huko. Mkubwa wao, Revelian, anaitwa daktari. Wa samaki, si wa watu. Ofisi yao itaweka kibao cha marehemu ukutani, alisema, akatoa karatasi. Mwinjuma hajui kusoma. Akampa Raudha, binti wa dada yake.

"'Bibi Mwanabaraka, msaidizi wa watafiti,'" Raudha akasoma.

"Msaidizi!"

Mwanabaraka alianza utotoni Msasani, kwa pumzi yake tu, akifuata pweza kwenye mashimo yao. Pwani ile ndiye mwanamke wa kwanza kushuka na mtungi wa hewa mgongoni. Miaka thelathini. Miamba ambayo hawa wanajisifu wameigundua, yeye ndiye aliyewapeleka, kawashika mikono kama watoto wa chekechea. Revelian huyu huyu, siku yake ya kwanza, alielea kama kifuu cha nazi, miguu juu. Akatapika. Leo ni mgunduzi.

"Andika mzamiaji," Mwinjuma akasema.

Revelian akacheka. "Mzee wangu, hapa mjini mzamiaji ni mtu aliyejificha melini aende Ulaya. Au aliyeingia harusini bila kadi. Watu watatucheka."

"Aliyezamia ni wewe. Hapa msibani nani kakualika?"

Raudha akaziba mdomo kwa mtandio.

"Mzee, kwa neno hilo ofisi haitakubali. Kibao hakitakuwepo."

"Kisiwepo." Akamrudishia karatasi yake. "Raudha, lete daftari. Tutamwandika sie wenyewe."

Neno lile mkewe alishaligombania. Mwaka alioomba paspoti, karani alimuuliza kazi yake. Mzamiaji, akajibu. Lile zumbukuku likaacha kalamu, likaita mlinzi: huyu mama anakiri mwenyewe! Mwinjuma alikuwepo, ameshaanza kurudi mlangoni. Mwanabaraka hakusogea hata hatua.

Sasa Mwinjuma akamtajia Raudha, polepole, neno kwa neno, yale mkewe aliyomwambia karani yule:

"Meli mie nazionaga matumbo tu, mdogo wangu, zinanipita juu. Sijapanda hata moja. Andika mzamiaji."