Mpare Aliyekagua Hesabu Zangu

Nianze na hili mapema, nisije nikaambiwa nimemsingizia mtu. Lilian Mbwambo ni Mpare, na mimi, Ulrich Swai, ni Mchaga wa Machame. Kwa wasiojua, Mchaga na Mpare ni watani tangu enzi za mababu. Yeye anaruhusiwa kunitukana, mimi naruhusiwa kumtukana, na atakayekasirika ndiye mwenye makosa. Kwa hiyo nikisema humu kwamba Mpare akinunua samaki humtundika ukutani akala ugali kwa kumtazama, msiniandikie barua. Yeye mwenyewe aliniambia, siku ileile tuliyojuana, kwamba ukitaka kuhakikisha Mchaga kafa kweli, dondosha sarafu karibu na sikio lake.

Tulijuana kazini. Mimi ni mhasibu mkuu wa shule mbili za msingi hapa Thornton Heath, London. Ni zile shule ambazo serikali inazilipia kila kitu lakini zinajiendesha zenyewe chini ya wadhamini wake, wenyewe wanaziita akademi. Halmashauri haituchungulii. Badala yake, kila mwaka lazima aje mkaguzi kutoka nje afungue mafaili na kuangalia kama hela ya umma imekwenda ilikotakiwa kwenda. Miaka sita mfululizo walikuja vijana wenye kompyuta nyembamba. Walichagua ankara ishirini na tano, wakazitia alama ya vema, wakamaliza kahawa yetu, wakaenda zao. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, kampuni yao ikamleta Lilian.

Aliingia akiburuta begi la magurudumu, mkononi ana hotpoti ya wali na maharage. Akakataa kahawa. Akakataa biskuti. Nikawaza, huyu mama vipi, mpaka aliponisikia nikiongea na mke wangu kwenye simu. Nilipokata tu akaniuliza kwa Kiswahili, Swai wa Machame au wa wapi? Nikamjibu wa Machame, na yeye je? Akasema Mbwambo, wa Mamba, kule milimani Same. Nikamwambia sasa naelewa habari ya hotpoti. Akanijibu kwamba mkaguzi akila cha mwenye nyumba macho yake yanaingia ukungu, na kwamba hata hivyo biskuti za Mchaga lazima zimehesabiwa. Zilikuwa zimehesabiwa. Sikumwambia.

Mchana uleule alimpigia simu bosi wake, dada mmoja wa Kisingasinga anayeitwa Balwinder. Sheria yao inataka mkaguzi aseme kama ana uhusiano wowote na anayemkagua. Nilimsikia akihangaika kueleza utani kwa Kiingereza. Si ndugu, alisema. Si rafiki. Ni mtu ninayeruhusiwa kumtukana mbele ya wakwe zake, na yeye haruhusiwi kununa. Balwinder, sauti yake ikinifikia hadi mezani kwangu, akasema kwamba kwa maoni yake wakaguzi wote wangepewa uhusiano huo, akauandika kwenye faili, akamwambia aendelee na kazi.

Historia yake nilikuja kuipata vipande vipande. Baba yake alikuwa karani wa mizani kwenye ushirika wa wakulima wa tangawizi. Siku moja alimpimia kaka yake mwenyewe gunia mara mbili mbele ya watu, kwa sababu mara ya kwanza lilionekana zito kupita kiasi. Ndani walikuta mawe. Ndugu hao wawili walikaa miaka miwili bila kusalimiana, na mama yake Lilian ndiye aliyekuwa akipeleka salamu huku na huku kama posta. Lilian alipofika London alipanga chumba Hounslow na kupata kazi uwanja wa ndege, naye akawa mtu wa mizani, akiwaambia abiria watoe viatu kwenye sanduku wavivae miguuni. Jioni alisoma uhasibu. Mitihani yote alifaulu kwa mara ya kwanza isipokuwa mmoja, alioufeli mara tatu. Ulikuwa mtihani wa ukaguzi. Nimemcheka sana kwa hilo na sijamaliza. Siku hizi anaishi mitaa miwili tu kutoka shuleni kwetu na binti yake wa miaka kumi na mitatu, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, na akigombezwa kwa Kipare hajibu kabisa.

Sasa, kazi yake. Vijana wale walikuwa wakichagua ankara. Lilian alisoma mafaili, yote, kama mtu anayesoma hadithi. Na mafaili yangu, naomba nijisifu, yanasomeka. Kila ankara naiambatanisha na barua pepe zake zote, tangu muuzaji anapotaja bei yake ya kichaa mpaka anaposalimu amri. Najivunia barua zile. Nimewahi kumfanya muuza madawati aandike kwamba anajuta kunifahamu. Siku ya nne, Alhamisi, saa sita mchana, Lilian alikuja mezani kwangu na mafaili mawili, akayaweka chini, akakaa.

"Mangi, wewe ni mgonjwa?"

Mangi ni chifu wa Kichaga, na watani hutuita hivyo kwa kejeli. Nikasema mimi mzima, namshukuru Mungu.

"Hapa umebishana na muuza karatasi barua sita kwa ajili ya pauni nne. Fundi bomba umemnyima nauli. Hata mtu wa maua ya mahafali ya watoto umemwomba punguzo. Halafu hili jiko. Pauni elfu thelathini na nane na mia nne. Hakuna quotation ya pili ya kulinganisha bei, hakuna hata barua moja ya kulalamika, na umelipa ndani ya siku mbili. Mchaga gani huyo?"

Nilicheka. Nilicheka peke yangu, na kicheko kikakatika katikati.

Jiko lenyewe ni hili. Mwezi wa saba lile la zamani lilifungwa na wakaguzi wa afya na usalama, na shule zilikuwa zifunguliwe Septemba. Bwana Douglas, mkuu wetu wa shule zote mbili, Mwingereza mcheshi ambaye wazazi wanampenda na mimi pia nilimpenda, akaniletea fundi ofisini. Akasema huyu ni kaka wa mke wake, atatusaidia. Kanuni zetu wenyewe zinasema kitu chochote kinachozidi pauni elfu kumi kitafutiwe bei tatu. Na mkuu akitaka kumpa kazi ndugu au shemeji, lazima aandike kwenye daftari la maslahi, wadhamini wajue, serikali ijue. Hakuandika. Mimi nilijua kwamba hakuandika, kwa sababu daftari lile ninalitunza mimi. Aliponiambia nilipe, nikalipa. Nilijiambia watoto wale chakula cha moto kwanza, mengine baadaye. Baadaye haikufika, na sikuwa nimeiita.

Lilian hakuwa na habari ya shemeji. Alichokuwa nacho ni faili lisilo na makelele. Alinitazama kama anavyotazamwa abiria aliyevaa makoti matatu katika joto la mwezi wa nane, akaniambia taratibu kwamba saa saba angerudi kuniuliza tena swali lilelile, safari hii kwa Kiingereza, na jibu langu angeliandika lilivyo. Kwenye ripoti, alisema, kuna sentensi mbili zinazoweza kuandikwa. Moja inasema mhasibu alitueleza. Nyingine inasema sisi tuligundua. Zote mbili zinafika serikalini.

"Nilidhani wewe ni mtu wa nyumbani," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimekuja saa sita."

Akachukua hotpoti yake akaenda kula kwenye ukumbi wa watoto.

Nilikasirika. Naandika bila kujitetea kwamba nilivunja sheria ya utani. Mpare wa watu, katoka huko na mizani zao, anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, sasa kuku ni mimi. Niliwaza mkopo wa nyumba, umebaki miaka kumi na tisa. Niliwaza mke wangu, ambaye ni muuguzi na anadhani ameolewa na mtu makini. Saini kwenye malipo yale ilikuwa yangu, si ya Douglas, na mhasibu akifukuzwa kwa jambo la hela hapati tena kazi ya hela. Ningefanya nini, na mimi najua kuhesabu tu.

Nikaenda kwa Bwana Douglas. Nilitaka ajue kabla, nisije nikawa mtu wa kusema nyuma ya mgongo. Alinisikiliza vizuri, akanipigapiga begani. Akasema ni jiko tu, Ulrich, watoto wanakula. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya upole, kwamba nifikirie vizuri ni jina la nani lililo kwenye karatasi ya malipo. Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa na huruma naye. Nilitoka nikiwa sina.

Saa saba kamili Lilian alirudi, akafungua kompyuta, akaniuliza kwa Kiingereza kama kuna jambo lolote kuhusu malipo yale ambalo wakaguzi wanapaswa kulijua. Sauti yake ilikuwa ya uwanja wa ndege, haina mlima wala tangawizi. Nikamweleza. Nilisema ni shemeji wa mkuu, nilisema kanuni niliijua, nilisema daftari lilikuwa kwenye droo yangu na sikulifungua. Nilisema niliogopa. Ilinichukua dakika kumi na moja. Yeye aliandika bila kuinua macho, na mwisho akauliza swali analolazimika kuuliza, kwamba je, mimi mwenyewe nilipata chochote, zawadi, ahadi, chochote kile?

Sikupata kitu. Na hapo ndipo nilipoona haya kuliko pote, kwa sababu niligundua kwamba nimeuza heshima yangu bure. Mchaga mzima.

Nililisema hilo la mwisho kwa Kiswahili, likinitoka tu. Kidevu chake kilitikisika, nikadhani anacheka. Akasema halitaingia kwenye kumbukumbu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya wadhamini ni Mzee Rasik, aliyezaliwa Moshi mjini, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na sasa anaishi Neasden. Hula mboga tupu na hupokea simu kabla haijamaliza kulia mara moja. Aliitisha kikao asubuhi ya Jumatano. Kampuni mbili nyingine ziliulizwa bei ya jiko kama lile, na kila moja ilitaja chini ya elfu ishirini na saba. Shemeji alirudisha tofauti, akinung'unika. Bwana Douglas alijiuzulu kabla ya Krismasi, na wazazi wengine mpaka leo hawanisalimii. Mimi nilipewa barua ya onyo la mwisho, kazi nikabaki nayo, kwa sababu, ilisema barua, nilieleza mwenyewe kabla ya kugunduliwa.

Wenzake walipotoka chumbani Mzee Rasik alinizuia mlangoni, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Moshi kama namba yake ya simu nilikuwa nayo mwezi wa saba. Nikasema nilikuwa nayo. Akasema basi barua ya onyo ni ya hilo, jiko ni jambo la Douglas.

Katikati ya Desemba Lilian alikuja kwa ajili ya saini za mwisho. Tulipomaliza nilimsindikiza hadi kituo cha basi, maana hesabu zikishasainiwa mtu anaweza kumsindikiza mkaguzi wake bila kuandikwa kwenye faili. Alikuwa anakwenda Brixton, kwenye ofisi ya kampuni yao. Mvua ilikuwa ya rasharasha na begi lake lilikuwa limevunjika gurudumu moja. Nikamwambia anunue jingine, Waingereza wameshamlipa. Akasema atanunua gurudumu.

Kulikuwa na jambo lililonikaa tangu Alhamisi ile, nikaona nikiliacha litaniozea ndani. Nikamuuliza, kama ningenyamaza saa saba, angefanya nini.

"Ningeandika tuligundua."

Nikamuuliza kama alijua kwamba hapo mimi ndio basi tena, kazi imekwisha, nyumba imekwenda.

"Nilijua tangu asubuhi ya siku ile," akasema. "Wali sikuweza kuumaliza." Akaangalia upande linakotokea basi, si upande wangu. "Ningeandika kwanza, Mangi. Halafu ningelia kwenye basi la 250 mpaka Brixton."

Nilitafuta tusi la kumjibu. Miaka yote ya utani wa mababu na sikupata hata moja. Basi likafika, nikamshikia begi lake bovu hadi mlangoni, akapanda.