Sidii Zilizofukuza Ndege

Mama alifika kwangu Buzuruga Jumamosi asubuhi na kifurushi cha kanga, na kabla sijamaliza shikamoo alikuwa ameshakifungua mezani. Ndani mlikuwa na sidii tatu zenye matope, kila moja na kamba imepita kwenye tundu lake. Nilizitambua mara moja, maana wazo la kuzitundika shambani lilikuwa langu. Deki ya nyumbani Misungwi ilipokufa, nilimwambia mama, kwa ule ujuaji wangu, kwamba sidii hazina kazi tena isipokuwa kumetameta juani na kufukuza kwelea kwenye mpunga. Naye akanisikiliza. Zilining'inia huko msimu mzima.

"Hizi ni za sendofu ya dada yako," alisema. "Nataka kumsikia baba yako."

Baba alifariki mwaka juzi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sisi watoto hatukuwahi kumsikia akimwambia mama asante. Lakini mama alishikilia kwamba siku ile ya kumuaga dada, baba alimshukuru mbele ya wakwe. Hakusikia mwenyewe; alikuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria. Kwetu mama wa bibi harusi huwekewa kiti chenye kitambaa na ua, ila akikikalia sana watasema wakwe wamelishwa na wapishi wa kukodi. Ni wanawake waliokuwa chini ya turubai waliomwambia baadaye, "Leo mumeo kakushukuru." Ameishi na habari hiyo ya kusimuliwa miaka yote.

Mimi nilikuwepo, na sikukumbuka kitu. Nilidhani wale wanawake walitaka kumfurahisha tu. Nikamwambia hivyo, kwa sababu kunyamaza sijui.

"Ulikuwepo," alisema, "lakini ulikuwa unasikiliza?"

Nikaanza kazi. Laptopu yangu haina mahali pa kuingiza sidii, kwa hiyo nilikwenda kuazima kisomeo cha kuchomeka cha mwenzangu wa kazini. Niliziosha kwa sabuni na maji, nikazifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Maandishi ya juu mvua ilikwisha kuyafuta, tukawa hatujui ipi ni ipi. Ya kwanza ilikuwa ya magari na wageni kuingia. Ya pili ilikuwa ya keki na kucheza. Ya tatu, ambayo lazima ilikuwa ya hotuba, kisomeo kiliizungusha, kikaunguruma, kikaitema.

Hapo nilijichukia kidogo. Mama hakusema neno kuhusu kwelea, na ingekuwa afadhali angesema.

Niliisugua kwa dawa ya meno, kama tulivyofanya enzi za vibanda vya video, nikaiosha tena. Safari hii ilisoma, ila ikakwama. Nikatafuta programu inayonakili polepole na kuruka palipoharibika, nikaiacha ifanye kazi yake. Mama alikaa karibu akichambua mchele.

"Imefika wapi?"

"Karibu nusu."

"Hata mimi," alisema, akinionyesha sinia.

Alasiri ilikuwa imeingia nilipomaliza kuigeuza iwe faili moja ambalo kompyuta yoyote italifungua. Nikavuta kiti cha mama karibu na kubonyeza. Picha ilikatikakatika vipande vya mraba, lakini sauti ilikuwa nzima. Baba alisimama na suti yake ya kijivu, ameshika kipaza sauti mbali na mdomo kama kitu cha moto. Aliwashukuru wakwe, kamati na watu wa kanisani. Kisha akageuka kukitazama kiti cha mama.

"Mama wa huyu mtoto yuko wapi?"

Mtu akajibu kwamba yuko jikoni.

"Siwezi kumshukuru hayupo," baba alisema. Akanyoosha kidole. "Wewe, kamwite mama yako."

Kijana mwenye tai pana aliinuka meza ya mbele, akatoka nje ya picha. Alikuwa ni mimi.

Mshereheshaji alikuja kuchukua kipaza sauti. "Mzee, muda umetubana."

"Namngoja mke wangu."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Alisimama akitazama upande nilioelekea, akajifuta uso kwa leso, akatazama tena. Mpiga video hakukata chochote. Mwishowe baba alisema, "Basi, atakayemwona amwambie asante. Nyumba hii ni yeye." Akaketi.

Mama aliomba nirudishe. Tukatazama mara ya pili, na wakati huo nilikuwa nimeshakumbuka kila kitu. Pembeni ya turubai nilikutana na marafiki niliosoma nao, wana soda mkononi, nikasimama nao. Jikoni palikuwa hatua chache tu.

"Alinisubiri," mama alisema. Alikuwa akitabasamu na machozi yanamtoka. "Hawakuniambia kwamba alinisubiri." Kisha akanigeukia, bila ukali wowote. "Na wewe ulipotumwa, ulinitafuta wapi?"

Ningeweza kusema nilimtafuta nikamkosa. Jiko la siku ile lilijaa wanawake, uongo ungepita, na naona aibu kwamba niliupima kwanza.

"Sikuja, mama. Nilikutana na rafiki zangu, nikasimama."

Aliigeukia tena kompyuta. Kwenye kioo baba alikuwa ameshaketi, watu wanampigia makofi.

"Chakula kilikuwa kimeshaiva, baba," aliniambia taratibu. "Nilikuwa nimekaa tu jikoni."