Tairi za Kimya Nilizonunua Thika

Sikulazimishi uniamini. Nenda Gitothua umuulize dada yangu Nyambura, atakuonyesha shingo ya mama yetu na alama zilizobaki pale. Ukishaziona, rudi uniambie nilikuwa nimelewa. Mimi pombe situmii, na haya yalinipata nikiwa na akili zangu timamu, kabla hata watu hawajala chakula cha jioni.

Gari langu ni lile refu jeusi la Kijerumani ambalo watu hulikodi siku za harusi. Liliachwa kwangu na tajiri mmoja niliyemwendesha miaka mingi, alipochoka nalo. Watu wa Ruiru wakiliona wanadhani nimeomoka, nina mali. Basi walipande wao waone! Lilikuja na tairi ngumu, zile zinazoweza kukimbia hata zikiishiwa upepo, na barabara zetu unazijua mwenyewe. Ukikanyaga shimo dogo tu, unalisikia hadi kwenye meno. Zaidi ya hayo zilikuwa zinavuma, huwezi kuongea na mtu wa nyuma bila kupaza sauti.

Mimi ningevumilia. Shida ilikuwa mama. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo, na kila wiki nilimpeleka Thika kwa mazoezi. Daktari alituambia waziwazi kwamba mgongo ule ukitikiswa vibaya kabla haujapona, mama hatatembea tena. Sasa nenda ukamtafutie barabara isiyo na tuta. Kila tukiruka, yeye alilia, "Baba, polepole! Polepole, baba!" Ananiita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake, ndivyo watoto wanavyopewa majina kwetu. Hebu fikiria mzazi wako analia nyuma yako, anakuita baba, na aliyeshika usukani ni wewe. Niliumia sana.

Basi Alhamisi moja nilimwacha kwa mazoezi nikaenda kutafuta tairi. Nilijua ninachotaka. Nilitaka tairi zenye mbavu nene, maana hizo ndizo humeza mashimo, na meno madogomadogo, kwa sababu meno makubwa ndiyo hupiga kelele. Mpya za namna hiyo zilinishinda bei. Lakini nyuma ya gereji za Thika nikampata mwanamume mmoja aliyekuwa na nne zilizotolewa kwenye gari kama langu.

"Hizi ni za kimya, mzee," akaniambia. "Ziko na sponji ndani. Hiyo ndiyo inakunywa kelele. Ukiwa ndani utadhani umelala kwa kitanda."

Nikazikagua jinsi tunavyokagua sisi sote. Nilidunga kucha kwenye meno nione kama yamechongwa upya, nikabinya mbavu, nikasoma tarakimu za mwaka. Nikapiga teke moja, la kujionyesha tu. Kutia mkono ndani sikutia. Wewe umewahi kumwona mtu akinunua tairi kuukuu halafu anatia mkono ndani?

Fundi wa kuzifunga ndiye alitia mkono. Alipoutoa, ulikuwa umelowa.

"Mzee, hii sponji iko na maji. Si niitoe tu?"

Mafundi wetu hawaipendi hiyo sponji. Inawazuia kubandika kiraka, kwa hivyo wakiiona wanaikwangua yote na kuitupa. Nilimfokea.

"Ukiitoa nitakutoa wewe! Hiyo sponji ndiyo nimenunua."

Akapangusa mkono kwenye ovaroli. Pale alipopangusa palibaki doa jekundu. Mimi nilijiambia ni matope, udongo wetu si mwekundu? Jioni ikaanza kuingia, nikaenda kumchukua mama.

Aisee, wacha nikuambie. Gari lilikuwa linateleza. Nilipita tuta la kwanza huku nimekaza mabega nikingoja kilio, na kilio hakikuja. Mama akaanza kucheka huko nyuma.

"Baba, kwani tunaenda ama tumesimama?"

Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nilijiona mwanaume aliyefanya jambo la maana kwa mama yake.

Barabara kuu ilikuwa imeshikana kabla ya Juja, magari hayaendi. Nikaingia njia ya ndani, ile ya vumbi inayokata katikati ya mashamba ya kahawa. Jua lilikuwa limezama, lakini bado ungeweza kumwona mtu. Hapo ndipo nilianza kushangaa. Njia ile ina kokoto, zilipaswa kulia chini ya tairi, na sikusikia kitu. Injini nayo sikuisikia. Nilibonyeza honi, nikahisi inatetemeka chini ya kiganja, lakini haikulia. Nikamwita mama, "Maitu?" na sauti yangu mwenyewe haikunifikia. Nikadhani masikio yameziba. Nikatazama kioo nimwone mama.

Alikuwa na mtu kando yake.

Yule mtu alikuwa amevaa koti la kung'aa la watu wa bodaboda, limechanika vipande. Upande mmoja wa uso wake haukuwa na ngozi. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye shingo ya mama yangu, anaikaba, na mama alikuwa amepanua mdomo, macho yamemtoka. Niliusoma ule mdomo. Baba. Baba. Baba. Alikuwa ameniita tangu wapi? Tangu tulipoacha barabara kuu? Swali hilo halijawahi kuniacha.

Nilifunga breki. Chini ya kiti changu huwa kuna panga la kukatia ng'ombe nyasi. Nikafungua mlango wa nyuma nikamshika yule mtu koti, nikavuta, na koti likaja na nyama. Mgongo wake ulikuwa umesagwa, mbavu zinaonekana, kokoto zimekwama kati yake. Ungekuwa wewe ungekimbia? Na mama umwachie nani? Nilimkata begani. Nilimkata mkono mpaka nikahisi panga limefika kwenye mfupa, naye akaendelea kukaba kwa ule mwingine. Yote hayo yalikuwa kimya, hakuna kishindo, hakuna kilio. Alinishika kichwa akakigonga kwenye ukingo wa mlango, jino likanivunjika mdomoni. Nikamuuma. Ndiyo, nilimuuma vidole kwa meno yaliyobaki, vikaachia shingo ya mama, tukaanguka nje sote wawili.

Akanikalia kifuani. Sasa shingo ilikuwa yangu. Nilimwona kwa karibu, na ninakuapia, hakuwa na hasira. Alikuwa analia. Midomo yake ilikuwa inakwenda haraka haraka, anasema maneno yaleyale tena na tena, na mimi sipati hata moja. Pumzi iliniishia. Nikarusha panga kwa nguvu zilizobaki, likamkosa, likapasua ubavu wa tairi ya nyuma.

"SIMAMA!"

Sauti ilitoka ndani ya tairi. Ilikuwa sauti ya mwanamume anayekufa.

"Simama! Niko chini! Dereva, niko chini ya gari! Ngai, Mungu wangu! Mguu umeshikwa! Simama!"

Pamoja nayo zilitoka kelele za mtu anayeburutwa, kokoto na nguo na mifupa. Ilienda hivyo kwa muda mrefu, sauti ikipungua nguvu, ikaanza kuita mama yake, kisha zikabaki pumzi tu, kisha hata pumzi zikaisha. Yule aliyenikalia alikuwa amelegeza mikono. Alikuwa ameinamisha kichwa anajisikiliza mwenyewe.

Ilipokwisha akanitazama. Safari hii nilimsikia.

"Umeniskia?"

"Nimekuskia, ndugu yangu," nikamwambia, damu imejaa mdomoni. "Nimekuskia."

Akainuka, akaingia kwenye shamba la kahawa akiburuta mguu. Sikumfuata. Nilitambaa hadi kwa mama, nikamkuta anapumua. Nikazipasua zile tairi tatu zingine palepale, nikimlaani kila aliyewahi kuzigusa, halafu nikampigia Nyambura simu aje na pikapu.

Asubuhi yake nilikuwa Thika. Yule muuzaji nilimbana ukutani kwa kola, nikampiga makofi hadi akasema. Tairi zilitoka kwa gari la mtu fulani aliyemgonga mwendesha boda, akamburuta chini ya gari hadi kwake nyumbani. Mwenye gari aliapa kwamba hakusikia chochote. Majirani hawakutaka kujua alisikia nini, walimuulia langoni kwake kwa mawe. Gari likafunguliwa vipande vipande, likauzwa.

"Lakini tairi zilikuwa safi, mzee," akaniambia. Nilimpiga tena.

Mama alipona. Mgongo wake ulishikana vizuri, anatembea, anachota maji, anakemea kuku. Sauti yake nayo iko sawa, kila mtu anasema. Kila mtu isipokuwa mimi. Nasikia mvua kwenye mabati, namsikia Nyambura jikoni, nasikia boda zikipita barabarani. Mama akifungua mdomo sisikii kitu. Madaktari wamenipima masikio wakasema hayana kasoro. Jumapili iliyopita alisimulia jambo pale mezani, watu wakacheka hadi wakashika mbavu, nami nikacheka nyuma yao ili asihuzunike. Aliniona.

Kwa hivyo wewe mwenye gari kubwa, unayetafuta tairi laini zisizo na kelele, nakusihi. Usiishie kudunga kucha na kupiga teke. Uliza zilitoka kwa gari gani na lile gari lilifanya nini. Tia mkono ndani, uishike ile sponji. Ukiona imelowa, ondoka hapo haraka, hata upewe bure. Gari livume, likurushe, uwasikie walio nyuma yako na walio chini yako.

Mimi nilirudisha zile ngumu. Mama naye amekataa kupelekwa popote na mtu mwingine. Sasa naendesha macho yakiwa kwenye kioo, nikiuona mdomo wake umefunguka nasimama, hata katikati ya barabara kuu, walio nyuma wapige honi hadi wachoke. Nashuka, nafungua mlango, namshika shingo taratibu nione kama ni mzima. Mara nyingi huwa anatikisa kichwa, ananipiga piga mkono, ananionyesha kwa ishara kwamba alikuwa anaimba tu.