Mrija wa Obore Haujashuka

Maurine ananichosha. Amevuka daraja la Malaba mara tatu na daftari lake, ananiambia, "Nyanya Provia, wewe tu ndiye wa kumwandika Obore." Nimemwambia shule niliacha darasa la tatu, mwenye kalamu ni yeye, na mtu akishazikwa aachwe apumzike. Hasikii. Basi naandika kwa mkono wangu, polepole, na atakayecheka herufi zangu acheke akishamaliza kusoma.

Obore alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Miaka thelathini alibeba watu kwa baiskeli, kutoka geti la Uganda mpaka geti la Kenya na kurudi. Alibeba wachuuzi, alibeba bibi harusi, hata askari aliyefukuzwa kazi akilia nyuma yake njia nzima. Abiria mmoja msomi alimwachia kitabu juu ya mataifa na ugomvi wao. Obore alikisoma miaka miwili, kamusi gotini, mpaka kurasa zikawa nyeusi kwa grisi ya mnyororo.

Nyumbani kwetu Osukuru baba alituachia sheria ya chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi. Watu wanakaa kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mwenye neno zito anauchomoa mrija wake, anauinua, anasema. Haushuki mpaka mmoja wa waliokaa amjibu. Liwe jibu baya, liwe la kijinga, lakini jibu. Kumwacha mtu na mrija juu ni kumwambia hayupo. Elphas, rafiki yake Obore, Mkenya wa ng'ambo ya mto, alikuwa na mahali pake kwenye chungu hicho, na mrija wake ulilala kwenye nyasi za paa letu pamoja na ya kwetu.

Hapo chunguni ndipo Obore alipoanza kubishana na kitabu. Alitueleza kwamba kinasema nchi zinaogopana kwa sababu hakuna mzee juu yao wa kuziamua. Emoit, jirani yetu, akamtania kwamba profesa wa baiskeli hata breki hana. Obore akamjibu kwamba breki ni miguu.

Kisha ikaja korona, mpaka ukafungwa. Elphas akafa mwezi ule ule. Mdogo wangu alisimama upande huu wa mto, anaona moshi wa matanga, anasikia nyimbo, askari mmoja mbele yake na mwingine ng'ambo. Hakuvuka. Tangu siku hiyo kitabu hakikuwa tena mchezo wa jioni.

Miaka mitatu baadaye wasomi wa nchi nyingi walikutana katika hoteli moja Tororo, kuzungumza juu ya siasa za kanda yetu. Walisema elimu ya mataifa isitoke Ulaya peke yake, itoke na huku. Walisema wanataka mazungumzo. Neno hilo ndilo lililomwua. Maurine, wakati huo mwanafunzi wao, alitumwa kumwita Obore aseme ya mpakani. Nilimpigia pasi shati, nikaenda naye, nikakaa nyuma.

Walimpa dakika kumi. Alisimama, mkono wa kulia juu kama aliyeshika mrija, Maurine akimfasiria.

"Waheshimiwa, nyinyi munasema nchi zinaogopana kwa sababu hazina mzee juu yao. Sisi huku mpakani, mzee wa kutuamua hatukuwa naye. Mimi wa Uganda, Elphas wa Kenya, tulikunywa chungu kimoja miaka ishirini. Hofu ililetwa na wenye mzee juu yao, hao askari wa bunduki na mihuri. Sasa nauliza: kitabu chenu kimekosea, ama sisi hatuhesabiwi kuwa dunia?"

Wakapiga makofi. Obore akabaki amesimama. Wakapiga tena, wakidhani ndiyo anayongoja. Mwenyekiti akamshukuru, akasema wamemsikia, sasa ni chai.

"Kusikia nimeona," Obore akasema. "Nangoja jibu."

Wakacheka, kicheko cha watu wema. Viti vikasukumwa. Mgeni mmoja akampiga picha. Chai ikanywewa, vikombe vikakusanywa, na mdogo wangu yuko pale pale, mkono juu. Nikaenda kumvuta shati.

"Dada, sijajibiwa."

Nikamwambia hawa hawajui sheria ya kwetu, twende.

"Wamesema mazungumzo, dada. Hilo ni neno lao, si langu."

Tulipofika nyumbani aliutoa mrija wake kwenye paa, akauchomeka wima juu ya mlango. Hakunywa tena na watu. Emoit, kwa huruma, alijaribu kumjibu, akaambiwa si yeye aliyeulizwa. Miezi kumi ikapita, Maurine akaleta kitabu cha mkutano. Picha ya Obore imo, ukurasa mzima, na chini yake, Maurine akatusomea, imeandikwa: mkazi wa mpakani akitoa ushuhuda. Obore akamwomba amtafutie swali. Maurine akafunua kurasa zote, moja moja, sisi tunafuata kidole chake. Halimo. Obore akasema asante, akaingia ndani. Alikufa kabla ya mtama kuvunwa. Zahanati walisema presha. Sibishani na zahanati.

Sasa ukoo unataka kumaliza matanga. Kwetu mrija wa marehemu hukabidhiwa mrithi wake, akaunywea mbele ya watu. Wamekuja mara mbili, Emoit mbele, na mara mbili nimewafukuza. Utamkabidhije mtu mrija ulio juu? Wananiita kichwa ngumu. Ni kweli. Lakini nina miaka sabini na sita, na siku nitakayokufa wataushusha tu, kama kijiti cha kufukuzia kuku, na itakuwa Obore hakuuliza kitu.

Maurine anasema karatasi hii itasomwa na wasomi, wengine wao wale wale. Basi wewe unayesoma, usiniandikie kwamba imekugusa. Makofi pia sitaki. Swali liko hapo juu, nimeliandika lote. Rudi ulisome, ulijibu, hata mstari mmoja, hata kwa kusema hujui, umpe Maurine jibu lako avuke nalo daraja kabla ya mtama wa mwaka huu kuvunwa.