Mtani wa Mjomba Sadiki

Mama yangu, Mwamini, hakuwahi kumlilia kaka yake. Ni neno zito, lakini Ruponda nzima inalijua. Mjomba Sadiki aliondoka mwaka 1978 kwenda Vita vya Kagera akiwa na miaka ishirini na miwili, na mwaka uliofuata ikaja barua ya jeshi kwamba amekufa na amezikwa hukohuko. Matanga yakawekwa, hitma ikasomwa, ubwabwa ukaliwa. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi na minane. Alikaa mkekani na wanawake wenzake, macho makavu, na watu wakasema ana roho ngumu.

Sababu yake aliniambia mimi nikiwa mtu mzima, siku moja nilipotoka Ruangwa, ninakouza vitenge, kuja kumsaidia kuokota korosho.

"Mtani hakuja," alisema. "Sasa tanga lisilo na mtani linaanuliwaje?"

Sisi ni Wamwera, na watani wetu ni Wangoni. Zamani babu zao waliwavamia babu zetu, damu ikamwagika, kisha uadui ukageuka masihara. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kununa. Ukifa, yeye ndiye anayeigiza mwendo wako, anayetangaza ubahili wako, anayejilaza kaburini akigoma kutoka mpaka apewe kitu. Akimaliza anaingia nyumbani kwako na kuchukua chochote anachokipenda. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hapo ndipo msiba unapokuwa msiba.

Mtani wa Mjomba alikuwa Dastani, Mngoni wa Kiegei, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Shida ni kwamba siku ya matanga Dastani naye alikuwa vitani. Walikwenda pamoja, kikosi kimoja. Vita vilipokwisha alirudi akichechemea mguu wa kushoto, na hakukanyaga kwetu.

Mama alimngoja. Aliitundika baiskeli ya kaka yake kwenye boriti ya jikoni na kumkataza kila mtu kuigusa, maana alijua hicho ndicho kitu mtani angekichukua. Mwishowe walikutana sokoni Nachingwea. Kabla ya vita, Dastani akimwona tu alikuwa anapaza sauti, "Mla panya wee, leo umepata mkia au kichwa?" Siku hiyo alivua kofia. Akainamisha kichwa na kusema, "Hujambo, dada. Poleni na msiba." Akaenda zake.

Mama akaolewa, akanizaa, akafiwa na mume, na kila wakionana ni hivyohivyo: "Habari za nyumbani, Mama Hadija?" "Nzuri." Miaka nenda, miaka rudi. Mtani akikusalimia kwa adabu, jua kuna kitu anakuficha. Mimi nilimchukia mzee yule kwa adabu zake.

Mwaka huu kata ikaamua kusimamisha jiwe lenye majina ya wanajeshi wa huku waliokufa vitani, lizinduliwe Siku ya Mashujaa, tarehe ishirini na tano Julai. Mtendaji wetu, Valentina, binti mwenye bidii zake, akaja na karatasi.

"Mama, tunaomba jina kamili la marehemu."

"Marehemu mwenyewe hajamaliza kuzikwa," Mama akamjibu. "Mnamwandika wa nini?"

Tulibishana siku nne. Mwisho uvumilivu ukanishinda, nikamwambia, "Mama, una miaka sitini na nne. Ukiondoka wewe, nani atamkumbuka? Mimi sikumwona hata siku moja." Lilimchoma. Akatoa jina, Sadiki Bakary, lakini akaapa kwamba hatatoa chozi mbele ya saruji.

Siku ikafika. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na wanajeshi wastaafu wamesimama kwenye mstari na medali zao. Dastani alikuwa wa mwisho, koti kubwa, mgongo umepinda. Majina yalikuwa saba. Valentina alikuwa anasoma moja moja, na kila likisomwa ndugu wanakwenda kuweka maua, watu wote kimya.

"Sadiki Bakary," akasoma.

Mama hakuinuka. Nikamvuta mkono, akawa mzito. Hapo Dastani akatoka kwenye mstari.

Hakuwa anatembea mwendo wake. Kifua mbele, kidevu juu, mkono wa kulia na mguu wa kulia vinatoka pamoja, kisha wa kushoto na wa kushoto, pamoja na kuchechemea kwake. Mimi nilidhani mzee kachanganyikiwa. Lakini vidole vya Mama viliuma kiganja changu, na bibi mmoja nyuma yetu akasema, "Yarabi, Sadiki huyo!"

"Shujaa wenu huyu hapa!" Dastani alipiga kelele. "Mafunzoni afande alilia machozi! Mkono na mguu vinagombana! Mmwera hajui hata kutembea, mkampeleka vitani?"

Valentina alishusha karatasi, midomo wazi. Dastani akajilaza chali mbele ya jiwe, mikono kifuani, medali na vumbi pamoja.

"Siondoki!" akasema. "Mmenipa nini?"

Mgambo wawili wakamfuata, mmoja akamshika bega. Mama aliinuka kwa kasi ambayo sikujua bado anayo.

"Mwacheni! Yuko kazini!"

Akaenda kumsimamia pale chini. Tulisikia kila neno.

"Umechelewa, Mngoni."

"Nimechelewa."

"Miaka arobaini na sita."

Dastani hakuinuka. Alikuwa anazungumza huku anatazama turubai.

"Nilimbeba mgongoni, Mwamini. Kutoka mtoni mpaka kwenye lori. Damu ilikuwa nyingi, wakaniambia asilale. Basi njia nzima namtukana. Namwambia, Mmwera wewe, mbona mzito hivi, umekula panya wangapi? Anacheka. Namwambia, ukifa baiskeli yako ni yangu. Anacheka. Nasikia kicheko chake hapa shingoni." Akagusa shingo. "Halafu nikamtukana, hakucheka. Nikamtukana tena. Ningekuja kwako nikatukane nini?"

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kibaya, cha mtu aliyepaliwa. "Alikuwa mzito kweli," alisema. "Nilikuwa namwambia kila siku." Na hapohapo akaanguka karibu na yule mzee, akapiga yowe la msiba ambalo mimi, mwanaye, sijapata kulisikia kutoka kwake, hata tulipomzika baba yangu. Wanawake wa Ruponda wakalipokea. Valentina akaweka karatasi chini na kulia pamoja nao. Majina manne yaliyobaki yalisomwa jua likiwa limeshapanda sana, na hakuna aliyelalamika. Nami nililia, kwa mtu ambaye sikumjua, na sikuona aibu.

Kesho yake asubuhi Dastani alikuja kwetu. Hakupiga hodi wala hakusalimu. Alipita moja kwa moja jikoni, akapanda kinu, akaifungua ile baiskeli kutoka kwenye boriti. Matairi yalishaoza zamani, zimebaki ringi na kutu, na moshi wa miaka yote ile umeifanya nyeusi tii.

"Mwizi!" Mama alimpigia kelele akiwa mlangoni. "Wezi nyie tangu babu zenu!"

"Na nyie mmemaliza panya wa wilaya nzima!" akajibu bila kugeuka.

Akaondoka anaikokota, anachechemea, ringi zinalia barabarani. Mama alisimama palepale mpaka mlio ukaisha. Kisha akachukua ufagio, akaingia jikoni, akafagia chini ya ile boriti, pembe zote, akazoa taka na kwenda kuzimwaga.

"Tanga limeanuliwa," akaniambia. "Bandika chai."